Hati ya kunyonga si hati ya kifo

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwandishi mchanga wa habari za mahakama, Mahakama Kuu ilikuja na sesheni ya kesi za mauaji katika mji wa mkoani nilikokuwa nafanyia kazi. Katika kesi mojawapo jaji alianza kusoma hukumu saa tatu asubuhi. Ilipokaribia saa sita alifika mwisho, akamwambia kijana aliyesimama kizimbani kwamba atanyongwa hadi kufa. Kijana hakusema kitu. Askari magereza wakamshika mikono, wakamteremsha.

Nje barazani mama yake alimkimbilia karani wa mahakama, akamshika mkono wa shati. Alikuwa na neno moja tu: "Lini?"

Karani alikuwa mtu mpole, na nilimwona akitafuta namna ya kumpoza. "Bado sana, mama. Kuna rufani kwanza. Na hata rufani ikigonga mwamba, hawezi kufanywa kitu mpaka hati ya kifo isainiwe na Rais."

Mama aligeuka kulitazama karandinga lililokuwa limeegeshwa chini ya mwembe. "Hati ya kifo? Mbona yule pale, yu hai?"

Karani alinyamaza. Mimi niliandika habari yangu, nikaituma, ikatoka siku ya pili na maneno yale yale ya "hati ya kifo" ndani yake. Swali la mama sikuliandika. Nimekaa nalo kwa muda mrefu, na kadiri ninavyosoma sheria zetu na namna tunavyoziandika kwa Kiswahili, naona kwamba mama yule alisikia sawasawa. Tulioteleza ni sisi tuliompa neno lile.

Mtanzania wa kawaida anaijua karatasi ya kifo. Ni ile inayofuatwa ofisi ya mkuu wa wilaya au RITA, wakala wa serikali wa usajili, baada ya mazishi, kwa sababu bila hiyo mirathi haifunguliwi na benki haitoi hata shilingi ya marehemu. Wengine huiita cheti, wengine hati, kama tunavyosema cheti cha ndoa na hati ya ndoa bila kugombana. Karatasi hiyo huja baada ya mtu kufa, ikathibitisha kilichokwisha kutokea. Karatasi aliyoitaja karani inakwenda kinyume kabisa: mtu yu mzima, anakula, anaota ndoto, nayo inaagiza auawe. Kuzipa karatasi hizi mbili jina moja ni kumwongezea mama wa watu msiba juu ya msiba.

Neno "hati" lenyewe halina kosa. Tumelipata kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni mstari au mwandiko, na katika Kiswahili limezaa watoto wa koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa hati zinazompa mwenyewe haki yake: hati ya nyumba, hatimiliki ya shamba, hati ya kusafiria. Ukishika hati hiyo, wewe ndiye mwenye kitu. Ukoo wa pili ni wa hati zinazomruhusu ofisa wa serikali kumtendea mtu jambo ambalo, bila hati, lingekuwa jinai. Polisi akiingia nyumbani kwako kupekua makabati bila hati ya upekuzi, na bila sababu nyingine inayokubalika kisheria, huyo ni mvamizi. Akikuchukua bila mamlaka, huko ni kuteka nyara. Na askari magereza anayemtia mtu kitanzi, akafungua mlango ulio chini ya miguu yake bila karatasi ya kumwagiza, ni muuaji kama muuaji mwingine yeyote, na Kanuni ya Adhabu ingemhukumu kwa kifungu kile kile kilichomfikisha mfungwa wake hapo.

Humo ndimo hati tunayoizungumzia inamokaa, katika ukoo wa pili. Tena haimwelekei mhukumiwa. Husomewa tu. Anayeandikiwa ni mtendaji, naye huambiwa: fanya, na kwa kufanya hutashitakiwa.

Historia ya Waingereza, waliotuachia utaratibu huu, ina mfano ambao sijaona unaouzidi. Januari 1649 walimhukumu mfalme wao Charles wa Kwanza kukatwa kichwa. Hati iliandikwa tarehe 29, ikasainiwa na kupigwa mihuri na watu 59, ikaagiza kazi ifanyike kesho yake kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na moja jioni. Mfalme hakuandikiwa neno. Walioandikiwa ni maofisa watatu wa jeshi, mmoja wao akiitwa Kanali Hacker. Hacker alitekeleza, kisha akaitunza karatasi ile kama mtu anavyotunza risiti. Miaka kumi na moja baadaye ufalme ukarudi, wakaanza kusakwa waliohusika, na karatasi iliyokuwa ngao yake ikageuka ushahidi dhidi yake. Akanyongwa Oktoba 1660. Walioitia saini wakawa wanatafutwa kwa majina yao yaliyo chini ya karatasi.

Kabla ya hapo, mwaka 1587, Malkia Elizabeth wa Kwanza alisaini hati ya kumuua Mary, aliyekuwa malkia wa Uskochi. Alisaini tarehe 1 Februari, katibu wake William Davison akaipeleka kupigwa muhuri, washauri wakaituma bila kumrudia, na tarehe 8 Mary akakatwa kichwa. Elizabeth alighadhibika, akasema hakukusudia hati itoke. Davison akatozwa faini na kufungwa. Ukiitazama hadithi hiyo kwa makini utaona jambo ambalo halijabadilika hadi leo: aliye juu anataka kazi ifanyike au isifanyike, ila hapendi mwandiko wake uonekane ndio uliofanya.

Utaratibu huo ulivuka bahari na makoloni. Gavana aliyekaa Dar es Salaam au Nairobi ndiye aliyeamua, kwa niaba ya mfalme wa Uingereza, nani anyongwe na nani asamehewe. Uhuru ulipokuja kiti kikabadili mkaaji na karatasi ikabaki. Ndiyo maana sheria za mwenendo wa makosa ya jinai za Kenya na Tanzania zinafanana kwenye jambo hili kama ndugu wa tumbo moja. Tuchukue kifungu cha 332 cha Kenya. Hukumu ikishathibitishwa, jaji anampelekea Rais nakala ya ushahidi uliotolewa mahakamani pamoja na taarifa aliyoisaini, akitoa maoni au mapendekezo yake. Rais anaisoma, anaamua, na uamuzi wake unatoka kwa saini yake na muhuri wa Jamhuri.

Sasa hapa naomba msomaji asimame nami kidogo. Sheria haisemi kwamba Rais atasaini au hatasaini. Inasema atatoa moja kati ya karatasi tatu: hati ya kunyonga, au amri ya kubadilisha adhabu, au msamaha. Zote tatu zinasainiwa. Kwa upande wa Tanzania, ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kusamehe na wa kuigeuza adhabu iwe, kwa neno la Katiba yenyewe, "tahafifu", na uwezo huo nao hauna njia nyingine ya kutoka isipokuwa kwa mkono wake.

Katika mazungumzo yetu ya kila siku karatasi hizo tatu zimekuwa moja. Kijiweni, redioni, hata kwenye makala za wenzangu, tunauliza: amesaini, hajasaini? Akiwa hajasaini tunasema ana huruma. Lugha imetufanya tuamini kwamba mlango wa kifo una kalamu na mlango wa uhai hauna, kwamba mtu akiachwa bila karatasi yoyote amepewa uhai. Hajapewa. Ameachwa katikati, kwenye jibu la nne ambalo sheria haikuliandika, na kwa kuwa sheria haikumwekea Rais siku ya mwisho ya kujibu, jibu hilo la nne linaweza kudumu miaka thelathini.

Kwetu Tanzania limedumu kiasi hicho. Mara ya mwisho watu kunyongwa ilikuwa 1994, wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi. Kabla ya hapo kalamu haikuwa imekauka. Wazee wa Iringa hawajaisahau kesi ya Said Mwamwindi, mkulima wa Isimani aliyempiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, shambani kwake siku ya Krismasi ya 1971, kisha akaupakia mwili garini na kuupeleka mwenyewe polisi. Alihukumiwa mwaka 1972, akanyongwa. Watu hadi leo hubishana kuhusu ardhi, kuhusu vijiji vya ujamaa, kuhusu maneno gani yalitamkwa shambani siku ile. Jambo moja halina ubishi: Mwamwindi hakuweza kunyongwa bila hati, na hati haikuweza kutoka kwa mtu mwingine ila Mwalimu Nyerere.

Mwaka huo huo wa 1994, mwezi Juni, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Dodoma alitamka katika kesi ya Mbushuu kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili, inadhalilisha, na inavunja Katiba. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu yake, na namna ilivyoitengua inashangaza: ilikubaliana naye kwamba adhabu hii ni ya kikatili na inadhalilisha, ila ikasema Katiba, kupitia ibara ya 30, inairuhusu kwa maslahi ya umma. Kwa hiyo tuna hukumu ya mahakama ya juu kabisa nchini inayosema jambo ni la kikatili na ni halali kwa pumzi moja. Tangu siku hiyo majaji wetu wameendelea kutamka "utanyongwa hadi kufa", kwa sababu kwa kosa la kuua kwa kukusudia kifungu ambacho mawakili wamezoea kukiita cha 197 hakiwaachii jaji pa kuchagua, na hati haijatoka hata moja.

Septemba 2017 Rais John Magufuli, akimwapisha Profesa Ibrahim Juma kuwa Jaji Mkuu, alilisema wazi jambo ambalo waliomtangulia walilifanya kimyakimya. Alieleza ugumu wa kuamua kumnyonga mtu, akaiomba Mahakama isimletee orodha ya wa kunyongwa. Wengi tulimpongeza, na moyo wa utu uliokuwa ndani ya maneno yale siupingi. Ila tafakari kilichokuwa kikiombwa. Taarifa ya jaji kwenda kwa Rais ndiyo njia pekee ambayo sheria imeichora ili maisha ya mfungwa yafike mezani yatazamwe. Orodha isipopelekwa, hati ya kunyonga haitoki, na amri ya kumwondoa kwenye kitanzi haitoki pia.

Magufuli huyo huyo alionyesha baadaye kwamba njia ipo. Desemba 2017, sherehe za Uhuru zikifanyika Dodoma, alitangaza msamaha kwa watu 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa. Novemba 2020 alibadilisha adhabu za watu 256 kutoka kunyongwa kuwa kifungo cha maisha. Hapo alisaini. Watu hao walitoka kwenye jibu la nne kwa sababu kuna mtu alishika kalamu, na siku ile, kwa maoni yangu, ndiyo iliyostahili kuitwa siku ya huruma kuliko miaka yote ya kutosaini.

Jirani zetu Kenya wamefanya hivi kwa mafungu makubwa zaidi. Mara ya mwisho walinyonga 1987, katika gereza la Kamiti, na miongoni mwa walionyongwa alikuwamo Hezekiah Ochuka aliyeongoza jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki alibadilisha adhabu za zaidi ya watu 4,000 kwa mkupuo mmoja. Uhuru Kenyatta akafuata Oktoba 2016 na watu 2,747, kisha William Ruto mwaka 2023. Kila mara gereza lilijaa tena, kwa sababu mahakama ziliendelea kuhukumu. Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ikamrudishia jaji uwezo wa kuchagua adhabu kwenye kesi za mauaji. Sisi tuliagizwa jambo hilo hilo na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ndani ya nchi yetu: Novemba 2019, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, ilisema adhabu ya kifo isiyompa jaji hiari inavunja haki ya kuishi, ikaipa serikali mwaka mmoja kurekebisha sheria. Mwaka ulipita, na sheria haikubadilishwa.

Lakini aliyeligusa jibu la nne lenyewe ni Uganda. Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400, wote wakiwa wamehukumiwa kunyongwa, walimshitaki Mwanasheria Mkuu, na Januari 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda ikatamka kwamba mfungwa akikaa miaka 3 tangu hukumu yake ithibitishwe na mahakama ya mwisho, bila kunyongwa wala kusamehewa, adhabu yake inahesabiwa kuwa kifungo cha maisha. Inageuka yenyewe. Rais akikaa kimya, sheria inaujibia ukimya wake. Kigula mwenyewe alisomea sheria akiwa gerezani Luzira, na aliachiwa huru mwaka 2016.

Fikra hiyo ilikuwa na mtangulizi wake. Mwaka 1993 majaji wa Baraza la Falme huko London, waliokuwa wakisikiliza rufani za Jamaika, walishughulikia shauri la Earl Pratt na Ivan Morgan. Wawili hao walihukumiwa 1979. Mara tatu walisomewa hati ya kunyongwa, mara tatu wakahamishiwa kwenye vyumba vilivyo jirani na kitanzi, mara tatu wakarudishwa. Naomba msomaji asilipite hili haraka. Mtu anaambiwa siku na saa. Katika utaratibu wa Kiingereza hupimwa uzito, maana urefu wa kamba hukokotolewa kwa kilo za mwili wake. Anahesabu usiku. Kisha anaambiwa rudi, bado. Na hilo linatokea mara tatu. Majaji wakasema kumweka mtu zaidi ya miaka 5 katika hali ya kusubiri namna ile ni adhabu ya kinyama juu ya adhabu. Waliosubiri kwetu, wanaoitwa na wenzao gerezani "kondemu", wengine wamepitisha mara tatu au nne ya miaka hiyo. Kwao hakuna hati iliyosomwa. Kila nyayo za askari zinazosikika ukumbini saa ambayo si ya kawaida zinaweza kuwa ndizo.

Nitaambiwa: mradi hawanyongwi, tatizo liko wapi? Liko hapa. Kutosaini ni tabia ya mtu, na tabia ya mtu huondoka naye. Gambia ilikaa tangu 1985 bila kunyonga wala kupiga risasi mfungwa. Agosti 2012 Rais Yahya Jammeh aliamka, na kwa usiku mmoja watu 9 wakauawa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa imesimamisha utekelezaji tangu 2003, na Machi 2024 serikali ikatangaza kuuondoa usitishaji huo. Karatasi zilizolala kabatini hazijafa. Rwanda ilijua hilo, na baada ya yote yaliyoipata mwaka 1994, nchi ambayo ingeweza kudai kisasi kuliko nchi yoyote jirani, mwaka 2007 iliifuta adhabu hii kwenye vitabu. Burundi ikafanya hivyo 2009.

Kuna mama mwingine ambaye sijamtaja, na makala hii itakuwa na upungufu nisipomtaja. Siku ile mahakamani alikuwamo pia mama wa marehemu, ameketi benchi la nyuma, kajitanda khanga mbili. Hukumu iliposomwa hakushangilia. Alijifunika uso. Wakati wa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino nilisikia watu wazima wenye busara, wengine viongozi wa dini, wakimtaka Rais asaini, asaini leo, na nilielewa uchungu uliowasemesha. Siwezi kumwambia mama wa marehemu kwamba uchungu wake haujui sheria. Ninachoweza kumwambia ni kwamba jibu la nne linamdanganya hata yeye. Mahakama ilimwambia mbele ya watu kwamba aliyemuulia mwanawe atanyongwa, serikali ikijua kwamba hatanyongwa, naye kila uchaguzi unapopita anajiuliza kama Rais mpya atalikumbuka jalada. Kifungo cha maisha kilichotamkwa siku ile ile, kikamaanisha kilichosema, kingemwacha akaomboleze.

Na kuna sentensi moja katika sheria ambayo wengi huiruka. Hati ya kunyonga itataja mahali na wakati wa kunyonga, na itatoa maelekezo kuhusu mahali pa kuuzika mwili. Maana yake ni kwamba mwili nao ni wa serikali. Familia haikabidhiwi maiti ikaiosha, ikaisalia, ikaishusha kaburini kwa mikono yake. Kwa watu wetu wa bara na wa pwani, Waislamu na Wakristo na wenye dini za jadi, hilo ni adhabu kwa watu ambao hawakusimama kizimbani. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alinyongwa Kamiti alfajiri ya tarehe 18 Februari 1957, kwa amri ya utawala wa Waingereza, katika miaka ya hali ya hatari ambapo Waafrika zaidi ya 1,000 walinyongwa Kenya. Akazikwa humo humo gerezani. Mjane wake, Mukami, aliyaomba mabaki yake serikali baada ya serikali, mkoloni akaondoka, bendera ikabadilika, marais wakapokezana. Alifariki Mei 2023 bila kupewa mifupa ya mumewe aizike. Kile kipande cha sentensi kuhusu mahali pa kuzika kiliishi kuliko ufalme uliokiandika.

Ndiyo maana nashikilia jambo la jina, ingawa wapo watakaoona ni ugomvi wa maneno. Tangu 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kutafsiri sura mia kadhaa za sheria zetu inaendelea. Mtu fulani, mezani kwake, atafika kwenye kifungu hiki na itambidi achague. Tayari magazeti yamempa machaguo: hati ya kifo, kibali cha kunyonga, idhini ya kunyonga. Namsihi asichukue la kwanza. Kifo humjia kila mtu, hakina mtendaji, na "hati ya kifo" inafanya mauaji ya mtu yaonekane kama malaria. "Kibali" nacho kinadanganya kwa upande mwingine, maana kibali huombwa na anayetaka kufanya jambo, kama kibali cha ujenzi, na hakimlazimishi aliyepewa. Askari magereza hakuomba. "Idhini" ni vivyo hivyo. Karatasi hii inaamuru. Iitwe hati ya kunyonga, au bora zaidi amri ya kunyonga, ili kitenzi kibaki wazi, na msomaji aulize mara moja: nani ananyonga, na kwa agizo la nani?

Vivyo hivyo tuache kuazima ule msemo wa watangazaji wa mpira kwamba kocha "amesaini hati yake ya kifo" kwa kumweka mchezaji fulani benchi. Umetoka Kiingereza bila kubadilisha nguo. Kiswahili kina kujipalia makaa, kina kujichimbia kaburi, kina kujitia kitanzi, yote matamu kuliko huo. Na zaidi ya utamu, kuna watu nchini humu ambao hati hiyo kwao si mfano wa maneno.

Mama wa kijana yule nilikutana naye tena baada ya miaka mingi, stendi ya mabasi. Alinitambua yeye. Nywele zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe, na kapu lake lilikuwa na sabuni, dawa ya meno na mkate uliofungwa kwenye mfuko. Alikuwa akisubiri basi la kwenda kumtazama mwanawe. Rufani ilishashindikana zamani. Nilimsaidia kupakia kapu, akaniuliza kama bado nafanya kazi ya magazeti, nikamwambia ndiyo.

"Basi wewe utakuwa unajua, mwanangu. Rais ameshasaini?"

Nikamwambia bado. Alitikisa kichwa taratibu, akapanda basi, akaketi dirishani. Sikumuuliza alikuwa akiulizia karatasi ipi.